Mamet na lugha ya mkato: usome American Buffalo, uangalie Glengarry, uangalie House of Games, au ushike kitabu chake cha uongozaji?

Wakuu, kila nikimtaja David Mamet kwenye stori za uandishi lazima atokee mtu aulize haya sasa nianze na kipi, na jibu langu linabadilika kutegemea nimeamkaje, mara soma tamthilia, mara angalia muvi, mara achana na vyote tafuta kile kitabu chake chembamba. Leo naviweka vinne mezani tuvipime kwa mizani moja, kila mtu achague chake.

Kwa asiyemjua, jamaa ni mzaliwa wa Chicago, 1947, alianza na tamthilia za jukwaani akaja kuwa mwandishi wa muvi na baadaye muongozaji. The Verdict ya 1982 na The Untouchables ya 1987 labda umeshaziona bila kujua kwamba skripti aliandika yeye. Anasifiwa kwa mkato, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Mi mwenyewe nilipotea miaka kadhaa, nilidhani mkato maana yake sentensi fupi, nikaandika mchezo wa redio wa dakika 15 sentensi zote fupi kama meseji ya mtu mwenye salio la mwisho, na ndani yake mtu anaingia mlangoni anasema "Mimi kaka yako. Nimerudi. Toka Mwanza. Miaka mitatu." Fupi, sawa. Lakini kaka gani anajitambulisha kwa mdogo wake? Niliyempelekea alicheka mpaka akaomba maji.

Sasa watu wa Mamet kuna wakati wanaongea weee, kurasa nzima, na bado ni mkato, kwa sababu kilichokatwa ni maelezo, maneno yenyewe yanaweza kuwa mengi tu. Hakuna anayekwambia anataka nini, unamwona tu anavyokihangaikia. Ukiondoka na hilo moja hata usiposoma mpaka chini hujapoteza bando lako.

Vipimo vyangu

Kwanza, mkato wenyewe unaupatia wapi, kwa sikio, kwa macho, au kwenye mpangilio wa stori. Pili, ugumu wa lugha, maana wengi wetu Kiingereza tumekutana nacho darasani, cha mtaani cha Chicago ni kitu kingine. Tatu, matusi, na hili si dogo kama unaangalia sebuleni na mama mkwe kaja kusalimia. Nne, muda. Halafu inamfaa nani.

American Buffalo (tamthilia, 1975)

Watu watatu, duka moja la vikorokoro, siku moja. Don mwenye duka aliuza senti tano ya zamani yenye picha ya nyati kwa dola 90, halafu ikaanza kumuuma, akahisi mteja kamlalia, kama mtu katoa 90 bila kupepesa macho basi ile kitu ina thamani zaidi. Inapangwa safari ya kwenda kumwibia huyo mteja sarafu zake. Kuna kijana anaitwa Bobby anayelelewa lelewa na Don, na kuna Teach, mtaalamu wa kila kitu ambacho hajawahi kukifanya. Wizi wenyewe haufanyiki, na msinipige mawe kwa kuwaambia, raha ya mchezo haipo huko.

Mkato hapa unaupata kwa sikio. Teach anaingia dukani kafura, anarudia jina la mwanamke mmoja na tusi juu yake, mara tatu, mara nne, na wewe unasubiri kujua huyu kafanyiwa nini, kumbe alidokoa kipande cha tosti kwenye sahani ya rafiki yao mgahawani akajibiwa kwa kebehi. Tosti jamani! Mwandishi mwingine angempa Teach hotuba kuhusu heshima na urafiki na maisha yalivyomtupa, Mamet kampa tosti, na ukishajua kuna mtu anaweza kuwaka hivyo kwa tosti, basi jioni anaporudi na bastola tumbo linakukaza bila mtu kukueleza lolote.

Ugumu, mkubwa. Sentensi zinakatika katikati, swali linajibiwa kwa swali, mtu anaanza kusema kitu anakiacha hapohapo. Ukiisoma kimya unajitesa bure. Isome kwa sauti, na mkiwa wawili ndio vizuri zaidi, mi nilisoma na jirani yangu ambaye Kiingereza chake kinazidi changu mbali na bado tulikuwa tunarudi nyuma kila saa, ila tulipofika kama ukurasa wa kumi mdomo ukazoea, tukaanza kucheka sehemu ambazo tulipozisoma kimya hatukuona cha kuchekesha hata kidogo. Na kuna kitu kinasaidia kukijua, Mamet alipitia shule ya uigizaji ya Neighborhood Playhouse, New York, kwa mwalimu Sanford Meisner, ambaye zoezi lake maarufu ni waigizaji wawili kurushiana sentensi ileile, huyu anasema yule anairudia, mpaka maana inabadilika yenyewe kutokana na wanavyotazamana. Ukiwa na hilo kichwani yale marudio ya Teach na Don yanaacha kukuchosha, unaanza kusikia kila rudio lina nia yake.

Matusi mengi na hayachelewi kuanza. Muda, tenga jioni nzima. Ipo muvi ya 1996, Dustin Hoffman ndiye Teach, sio mbaya, lakini kwangu hii ni ya kusoma.

Inamfaa anayeandika mazungumzo, tamthilia, michezo ya redio, hata skiti za simu. Haimfai anayetaka stori itembee, utatupa kitabu.

Glengarry Glen Ross (muvi, 1992)

Hii nayo ilianza jukwaani. Mamet alipoiandika aliingiwa na wasiwasi, akamtumia Harold Pinter, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, ambaye naye kwa kunyamazisha wahusika hana mpinzani, kumuuliza inakosa nini, na Pinter akaona haikosi kitu ila kuchezwa, akaipeleka National Theatre ya London, ikachezwa huko 1983 kabla hata Wamarekani hawajaiona. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Muvi kaiongoza James Foley, skripti ya Mamet mwenyewe, na ndani wamo Al Pacino, Jack Lemmon, Ed Harris, Alan Arkin, yaani benchi lote ni la kuanza.

Ni wauza viwanja, na Mamet kabla hajapata jina aliwahi kufanya kazi kwenye ofisi ya aina hiyo Chicago. Wanauza ardhi ya ovyo iliyo mbali kwa watu wasioihitaji, na silaha yao ni vikaratasi vyenye majina ya wateja, anayeuza anapewa majina mazuri, aliyechoka anapewa majina yaliyochoka kama yeye, sasa atauzaje? Kuna shindano la mwezi, wa kwanza anapata Cadillac, wa pili seti ya visu vya nyama, wa tatu kazi hana.

Kuna sini mi nairudia kila nikikwama. Wauzaji wawili, Moss na Aaronow, wako mgahawani, Moss anaongelea kwamba mtu anaweza kuvunja ofisi akaiba yale majina akayauza. Aaronow, mtu mwoga, anataka kujua hivi tunalizungumzia hili jambo, au tunaongea tu? Na wanaanza kuvutana juu ya hayo maneno mawili ambayo kwa kawaida ni kitu kimoja. Kwa Kiswahili chetu ni ileile, kuongea na kuzungumza nani anatofautisha, lakini hapo tofauti yake ni jela. Mpaka mwisho Moss anamwambia tayari umeshaingia, na akiulizwa kwa nini, jibu ni kwamba ulisikiliza. Basi. Hakuna kisu wala bastola, mtu kafungwa kamba kwa kukaa kwenye kiti akiitikia.

Na Roma, muuzaji anayechezwa na Pacino, anamshika mteja baa anaongea falsafa, maisha, woga, wanawake, dakika zinakwenda, neno kiwanja halijatajwa. Ramani inatoka mwishoni kabisa. Hapo ndio nasema maneno mengi na mkato vinaweza kukaa nyumba moja.

Sasa tahadhari. Ile sini ya Alec Baldwin, anakuja kutoka makao makuu anawasimanga wauzaji, ambayo watu wa mauzo wanaitumia kama mahubiri, haimo kwenye tamthilia, iliandikwa kwa ajili ya muvi. Ni tamu, siibishi, lakini kwa maoni yangu ndiyo isiyo na mkato kuliko zote mle ndani maana jamaa anasema wazi kila anachotaka na kila atakachofanya. Kwenye tamthilia tishio hilohilo unalipata kwa kumsikia tu Levene, muuzaji mzee aliyechoka, akimbembeleza bosi wake ampe majina, anabembeleza, anajidai, anatukana, anabembeleza tena. Ukipenda muvi, tafuta na maandishi ya jukwaani usome hicho kipande cha kwanza ulinganishe mwenyewe.

Lugha, ugumu wa kati, sura za waigizaji zinakutafsiria, na ukiwasha maandishi ya chini unakwenda vizuri tu. Matusi, aisee, mama mkwe alale kwanza. Muda, dakika 100. Inamfaa karibu kila mtu anayeanza, na hasa aliyewahi kufanya kazi ya kufukuzia kamisheni. Kwa aliyewahi kununua kiwanja kupitia dalali ni muvi ya kutisha.

House of Games (muvi, 1987)

Hii ndiyo ya kwanza aliyoiongoza mwenyewe. Daktari wa akili, mwanamke makini aliyeandika kitabu kinachouza (anaigiza Lindsay Crouse), anakwenda kwenye nyumba ya kamari kumtetea mgonjwa wake mwenye deni, anakutana na Mike (Joe Mantegna, yuleyule aliyepata tuzo ya Tony kwa kumcheza Roma jukwaani), na anaingia taratibu kwenye dunia ya matapeli. Fikiria karata tatu za stendi ila mchezeshaji kavaa suti na ana subira ya mvuvi.

Mkato huku ni wa macho. Kuna meza ya karata, kuna bastola imetolewa, daktari yuko tayari kuandika hundi ya dola 6,000 kumwokoa Mike, halafu jicho lake linaona tone la maji mdomoni mwa bastola. Bastola ya kuchezea watoto. Hakuna anayesema ni utapeli, tone limesema, na akili yako inakimbia kurudi nyuma kukagua kila kitu ulichoambiwa dakika kumi zilizopita. Ukiuliza watu wanakumbuka nini kwenye hii muvi watakutajia vitu vya kuonekana kabla ya maneno.

Kasoro, au niseme kizuizi, ni kwamba waigizaji wanaongea kama wanasoma, sauti kavu, hawapandi hawashuki. Rafiki yangu mmoja aliizima dakika ya ishirini akasema hawa hawajui kuigiza. Hapana, ndivyo Mamet alivyotaka, anaamini stori ibebwe na mpangilio na mwigizaji afanye tendo lake bila kulipamba. Inakera mwanzoni, mi ilinikera. Baadaye nikaona ule ukavu ndio unaowaficha matapeli, kama wote wanaongea sauti moja utamjuaje mwongo.

Kiingereza chake ni rahisi zaidi ya hizo mbili za juu kwa sababu daktari ni msomi na anaongea kwa mpangilio. Matusi yapo lakini hayamwagiki. Inakaa saa moja na dakika arobaini na kidogo. Inamfaa anayetaka kutengeneza filamu kwa hela ndogo, na anayependa stori ya kushtukiza. Ukiwa mtu wa kulia na wahusika, hapa hutalia.

On Directing Film (kitabu, 1991)

Kitabu kidogo, kurasa mia na kidogo hivi, kimetokana na masomo aliyofundisha Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1987. Sehemu kubwa ni yeye na wanafunzi wanajadiliana darasani. Wanajenga sini moja ya mwanafunzi anayemwendea profesa wake, na wanakaa hapo weee kwenye kijiswali kama utaonyeshaje kwamba huyu kawahi kufika bila mtu kusema kawahi. Wanafunzi wanapendekeza vitu vya ajabu, yeye anakataa, anauliza tena kwa upole unaoudhi.

Cha kushangaza ni kwamba huyu bingwa wa mazungumzo anawaambia waandike kana kwamba wanatengeneza filamu isiyo na sauti. Shoti iwe ya kawaida, haina mbwembwe, maana itokee pale shoti mbili zinapokaa pamoja, wazo ambalo analichukua kwa Eisenstein, muongozaji wa filamu wa Urusi, na halifichi. Na mhusika umpime kwa maswali matatu: anataka nini, nini kinamzuia, asipokipata itakuwaje. Nimebandika hayo maswali juu ya meza yangu na yameshaua sini zangu nyingi nzuri.

Lugha nyepesi, kina ucheshi, matusi ni ya kuhesabu, unakimaliza kwa siku mbili za daladala. Udhaifu wake ni kwamba ukikisoma kabla hujaona kazi yake yoyote unaweza kukichukua kama sheria za dini, ukaanza kutoa hukumu kwa kila muvi ya watu wengine, na kusema kweli Mamet mwenyewe hafuati kila anachohubiri mle. Kinamfaa anayetengeneza, mwenye skripti tayari inayomsumbua. Mtazamaji wa kawaida hakimsaidii sana.

Tuvipime kwenye jambo moja

Chukua uongo, maana watu wake karibu wote ni waongo. Kwenye Buffalo unamjua mwongo kwa kurudia, mtu mkweli hana haja ya kusema kitu mara tano. Glengarry mwongo anajiponza kwa neno moja la ziada, kuna mtu karibu na mwisho anajua kitu ambacho hakupaswa kukijua na anakitamka akiwa kwenye raha ya kumtukana mwenzake, sitamtaja. House of Games ni tone la maji. Kitabu chenyewe hakina mwongo ila kinakupa kisu cha kukatia, kwamba ukishaonyesha tone usimwache mtu aje kulielezea. Kwa hiyo ukijijua wewe ni mtu wa sikio, wa stori, wa macho au wa mikono, nusu ya kazi ya kuchagua imeisha.

Kitu kingine niseme harakaharaka, dunia yake ni ya wanaume karibu tupu, na tangu ile makala yake ya 2008 ya kuachana na mrengo wa kushoto kuna watu hawataki hata kumsikia. Haki yao. Mi nachukua ufundi.

Oleanna sijaiweka kwenye orodha makusudi. Ni fupi, watu wawili tu, profesa na mwanafunzi wa kike, na ni kali mno, lakini ukianza nayo utaishia kubishana nani mwenye haki na hutasikia namna ilivyoandikwa. Iweke baadaye.

Kwa hali yako

Una jioni moja na humjui kabisa, Glengarry, ile ya muvi.

Unaandika mazungumzo na kila mtu anakwambia wahusika wako wanaongea kama taarifa ya habari, American Buffalo, kwa sauti, na mtu wa pili. Usiruke hapo.

Una kamera au simu nzuri, waigizaji ni binamu zako, hela hakuna, House of Games kwanza, kisha kitabu wiki hiyohiyo wakati bado unaikumbuka, utaona anachokifundisha na alichokifanya vinapishana wapi.

Skripti iko tayari ila imenenepa hujui ukate wapi, kitabu peke yake kinatosha, na yale maswali matatu uyaulize kila sini, ile isiyojibu iondoke hata kama ndiyo uliyoililia.

Kiingereza kinakupa shida, House of Games kabla ya Glengarry, na Buffalo iache mpaka mwakani.

Na kama mama mkwe bado yuko sebuleni na hana dalili ya kuondoka, toka nje ya hivi vinne kabisa, tafuta The Winslow Boy ya 1999. Kaiandika kutoka tamthilia ya Terence Rattigan na kuiongoza mwenyewe, Marekani waliipa G yaani hata watoto ruksa, inahusu familia ya Kiingereza inayokaribia kufilisika kwa kumtetea kijana wao aliyesingiziwa kuiba hati ya posta ya shilingi tano. Hakuna tusi hata moja, na mkato ni uleule, kesi kubwa ya nchi nzima na mahakamani kwenyewe hatuingizwi karibu kabisa.